Namba Iliyo Nyuma ya Lori: Kemikali Hatari Barabarani na Mlango wa Hospitali

Usiku mmoja wa masika, katika hospitali moja ya wilaya iliyojengwa kando ya barabara kuu, aliletwa kijana utingo wa lori lililokuwa limeacha njia na kulala ubavu mtaroni. Askari waliomleta walisema amevunjika mguu, na kweli mguu ulikuwa umevunjika. Kwenye nywele zake, shingoni na ndani ya kola ya shati kulikuwa na vipande vidogo vyeupe ambavyo sote mle chumbani tulividhania kuwa chumvi au chokaa. Muuguzi wa zamu alivifuta kwa pamba iliyoloweshwa maji. Baada ya dakika chache alisema vidole vyake vinateleza kana kwamba vimepakwa sabuni, na baadaye kidogo vikaanza kuwaka moto.

"Afande, lile lori lilibeba nini?" aliuliza.

"Sista, mimi nimeona mifuko tu," askari alijibu.

Wakati huo nilikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, na macho yangu yote yalikuwa kwenye mguu. Kulipokucha tuliarifiwa kwamba nyuma ya lori lile kulikuwa na kibao chenye namba 1823, yaani kostiki soda, ile ile watengenezaji wa sabuni wanayoifahamu vyema. Dawa hiyo haikutaka pamba yenye maji kidogo, kwa sababu maji machache huifanya ichemke juu ya ngozi. Ilitaka kukung'utwa kwanza ikiwa kavu, kisha maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, na macho kabla ya kiungo kingine chochote. Mguu wa kijana yule ulipona. Jicho lake la kushoto halikurudi kuona.

Namba ilikuwepo tangu lori lilipopakiwa, nayo ilikuwa imesafiri nchi nzima hadi mtaroni. Haikusafiri zile kilomita chache za mwisho kutoka mtaroni hadi kitandani, na makala hii inahusu kilomita hizo.

Shehena zinazopita mlangoni kwetu

Anapotajwa msafirishaji wa kemikali, wengi wetu hufikiria lori la mafuta, na si bila sababu. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka, na waliopoteza maisha pale pale na hospitalini katika wiki zilizofuata walizidi 100. Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, ilikuwa imeshuhudia msiba wa namna hiyo hiyo mwaka 2009, na Sange, Kivu ya Kusini, mwaka 2010.

Petroli, hata hivyo, ni adui anayejitambulisha kwa harufu. Katika barabara zile zile hupita sayanaidi ya sodiamu ikielekea migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, salfa na tindikali ikielekea migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, viuatilifu vya pamba na tumbaku, gesi ya kupikia, na dawa za kusafishia maji. Tarehe 20 Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lori la tindikali ya salfuriki liligongana na basi, tindikali ikawamwagikia watu walionaswa ndani ya vyuma. Walikufa watu wapatao 20. Kwa wahudumu wa afya wa eneo lolote, wagonjwa wa namna hiyo ni ajali ya barabarani na ajali ya kiwandani kwa pamoja, nao huletwa na watu ambao nguo zao wenyewe zimekwisha kulowa.

Jinsi ya kuisoma namba

Umoja wa Mataifa ulitoa mapendekezo yake ya kwanza kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari mwaka 1956. Mwaka uliofuata nchi za Ulaya zilitia saini mjini Geneva mkataba wao wa usafirishaji wa barabarani, ulioanza kutumika mwaka 1968. Kutokana na kazi hiyo kila kemikali hatari inayouzwa duniani ilipewa namba yenye tarakimu nne, isiyobadilika kwa lugha wala kwa jina la kibiashara. Petroli ni 1203 mjini Mombasa kama ilivyo Rotterdam. Dizeli ni 1202, tindikali ya salfuriki 1830, amonia isiyo na maji 1005, klorini 1017, na sayanaidi ya sodiamu iliyo yabisi 1689.

Kemikali hizo zimepangwa katika makundi 9: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyowaka, yabisi zinazowaka, vitu vinavyochochea moto kwa oksijeni yake, sumu pamoja na vitu vyenye vimelea vya magonjwa, vitu vyenye mionzi, kemikali babuzi, na kundi la mwisho la hatari zisizoingia kwingine. Kundi huonyeshwa kwa mraba uliosimamishwa kwenye ncha yake, wenye picha na tarakimu ya kundi kwenye pembe ya chini. Fuvu la kichwa ni sumu. Mkono na chuma vinavyoliwa na matone ni babuzi. Mwali ni moto.

Malori mengine, hasa yanayofuata utaratibu wa Ulaya, hubeba pia kibao cha rangi ya chungwa kilichogawanywa kwa mstari katikati. Chini huandikwa ile namba ya tarakimu nne, na juu tarakimu mbili au tatu zinazoeleza tabia ya hatari. Tarakimu 2 ni gesi, 3 ni kimiminika kinachowaka, 5 ni kuchochea moto, 6 ni sumu, 8 ni ubabuzi. Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi. Kwa hiyo 30 juu ya 1202 ni dizeli inayowaka kwa kiasi, na 33 juu ya 1203 ni petroli inayowaka kwa urahisi mno. Anayeona 66 juu ya 1689 asisogee, kwa maana hiyo ni sumu kali. Anayeona 268 juu ya 1005 ajue ni gesi, ni sumu, na ni babuzi, yote kwa mkupuo mmoja. Na ikitangulia herufi X, shehena hiyo haipatani na maji, hivyo hata zimamoto hawaimwagii maji bila ushauri wa mtaalamu.

Muuguzi mwenye simu anaweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Serikali za Marekani, Kanada na Meksiko huchapisha mwongozo wa pamoja wa dharura za kemikali barabarani, unaopatikana bure mtandaoni, ambamo namba ya tarakimu nne hukupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa hatari, umbali wa kujitenga na huduma ya kwanza. Faili lake likihifadhiwa kwenye simu ya chumba cha dharura, linafanya kazi hata mtandao ukikatika.

Sheria inamtazama nani?

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayezalisha, anayeingiza, anayesafirisha, anayehifadhi au anayetumia kemikali hizo asajiliwe, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mamlaka hiyo ndiyo pia yenye kituo cha kitaifa cha kuratibu matukio ya sumu, jambo ambalo wahudumu wengi wa afya hawalifahamu. Mafuta ya petroli yako chini ya EWURA, viuatilifu chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na vyanzo vya mionzi chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Mgawanyo huo una mantiki yake ofisini. Saa nane usiku, kwa tabibu wa kituo cha afya aliye peke yake, ni milango minne asiyojua abishe upi.

Lori lililo halali hubeba karatasi pamoja na namba. Muhimu kwetu ni waraka wa taarifa za usalama wa kemikali, ambao kwa utaratibu wa kimataifa una sehemu 16. Sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 8 ni vifaa vya kujikinga, ya 11 ni jinsi kemikali inavyodhuru mwili, na ya 14 ni usafirishaji, ambamo namba huandikwa. Waraka huo hukaa kwenye kibini cha dereva, na katika ajali nyingi hubaki humo humo. Kumwambia askari, "Afande, naomba uniletee karatasi za shehena, au unipigie picha ile namba ukiwa mbali," ni sehemu ya matibabu kama ilivyo kumpima mgonjwa shinikizo la damu.

Sheria hizi zimeandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara, mwenye lori na dereva. Kwa maoni yangu, upungufu mkubwa hauko katika makatazo, kwa kuwa makatazo yapo ya kutosha, bali katika njia ya habari. Mwaka 1998, tarehe 20 Mei, lori lililobeba tani 20 za sayanaidi kwenda mgodi wa dhahabu nchini Kirigizistani lilitumbukia katika mto Barskoon, na kilo zaidi ya 1,700 zikaingia majini. Wakazi wa bondeni waliendelea kuyatumia maji hayo kwa saa kadhaa kabla ya kuambiwa. Mkosi wa lori ulikuwa wa dakika moja, na saa zile nyingine zote zilikuwa za ukimya.

Kisa cha Chiquinquirá nchini Kolombia ni kizito zaidi, kwa kuwa hapakuwa na ajali kabisa. Asubuhi ya tarehe 25 Novemba 1967 watoto wa mji huo walianza kuanguka baada ya kula mkate. Makumi ya watu walikufa, wengi wao wakiwa watoto. Chanzo kilikuwa kiuatilifu aina ya parathioni kilichovujia magunia ya unga wakati vikisafirishwa pamoja ndani ya lori moja. Yeyote aliyewahi kusafiri kwenda mnadani juu ya Fuso lililopakiwa sembe, vitunguu, madumu ya dawa ya mifugo na abiria, atakubali kwamba kisa hicho hakiko mbali nasi kama ramani inavyodai.

Kwenye mlango wa hospitali

Kanuni ya kwanza ni kwamba mgonjwa mwenye kemikali mwilini haingii wodini. Avuliwe nguo nje, mahali penye hewa na upepo, na anayemvua awe na glavu, aproni na kinga ya macho. Glavu nyembamba za kupimia wagonjwa hazizuii kila kitu, hivyo zivaliwe mbili mbili na zibadilishwe mara kwa mara. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya kemikali. Nguo zitiwe katika mfuko wa plastiki, zifungwe na ziandikwe jina. Poda ikung'utwe ikiwa kavu, kisha mgonjwa aoshwe kwa maji mengi. Bomba la bustani na ndoo vinatosha, mradi maji yanayotoka yasielekee kisimani wala kwenye msongamano wa ndugu. Kwa tindikali na kostiki, usijaribu kusawazisha moja kwa nyingine. Siki juu ya kostiki au magadi juu ya tindikali huzalisha joto na kumuunguza mgonjwa mara ya pili. Jicho lioshwe bila kukoma kwa muda usiopungua dakika 15 hadi 20, na kwa kostiki zaidi ya hapo.

Aliyevuta gesi tu, bila kumwagikiwa, hana kemikali nyingi ya kumwambukiza mhudumu, hivyo asicheleweshewe oksijeni kwa sababu ya hofu. Lakini asiruhusiwe kwenda nyumbani upesi. Klorini na gesi nyingine za namna yake huweza kujaza mapafu maji saa nyingi baada ya mgonjwa kudai kwamba amepata nafuu, kwa hiyo mchunguze kwa muda wa kutosha, hata saa 24 ikibidi. Mjini Dakar, mwaka 1992, tangi la lori la amonia lililojazwa kupita kiwango chake lilipasuka kiwandani na kuua zaidi ya watu 100. Si wote waliokufa siku ile ile, kwani mapafu yaliendelea kuwadai wengine kwa siku nyingi.

Aliyelowa petroli ni hatari ya moto ndani ya wodi yenye mitungi ya oksijeni na nyaya za umeme, hata kama hana kidonda. Aliyeimeza wakati wa kuivuta kwa mpira asitapishwe, maana petroli inayoteremka mapafuni hudhuru kuliko ile iliyoko tumboni.

Kwa viuatilifu vya jamii ya organofosfati utaona mate, machozi, jasho, mboni zilizosinyaa na kifua kinachokoroma kwa majimaji. Hapa ngozi ya mgonjwa na matapishi yake ni hatari kwa muuguzi. Atropini itolewe kwa kurudiwa, na kipimo cha kutosheka ni kifua kukauka. Usingoje mboni zipanuke.

Sayanaidi huenda kasi kuliko zote: kichwa kuuma, kizunguzungu, kuhema, degedege, kuzimia, yote yakiweza kutokea ndani ya dakika. Harufu ya lozi chungu inayosimuliwa vitabuni wapo watu wengi wasioweza kuinusa kwa maumbile yao, hivyo kutoinusa si dalili ya usalama. Mgonjwa asipuliziwe mdomo kwa mdomo. Atumiwe mfuko wa kupumulishia, oksijeni ya kiwango cha juu, na dawa ya kuondoa sumu, iwe hidroksokobalamini, ambayo kwa mtu mzima huanza na gramu 5 kwenye mshipa, au nitriti ya sodiamu ikifuatiwa na thaiosalfeti ya sodiamu. Dawa hizi hazimo katika kabati la kila hospitali. Migodi inayotumia sayanaidi ndiyo yenye sababu ya kuwa nazo karibu. Mganga mkuu wa wilaya inayopitiwa na shehena hiyo anapaswa kujua leo, kabla ya ajali, dawa iko wapi, ni nani mwenye ufunguo, na gari litachukua muda gani kuifikisha.

Kwa mgonjwa na jirani wa barabara

Wewe unayeishi kando ya barabara kuu, au unayeuza mahindi ya kuchoma kituoni, huenda ukafika kwenye ajali kabla ya askari. Lori lenye alama likianguka, kaa upande unakotoka upepo, tena mahali palipoinuka, kwa sababu petroli, klorini na gesi ya kupikia hutambaa chini na kujikusanya mabondeni. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikitoka ghafla ikiwa baridi huwa ukungu mzito unaotambaa vile vile. Zima jiko, zima bodaboda, pigia zimamoto 114. Picha ya namba ipigwe kwa mbali kwa kuvuta kamera, na ionyeshwe kwa mhudumu wa afya.

Waliokimbilia na madumu Msamvu hawakuwa wajinga, na sisi tulio hospitalini hatuna haki ya kuwasema hivyo. Lita 20 za petroli ni fedha ya wiki nzima kwa mtu wa kibarua, na kila mara ambapo moto haukuwaka, mtu alirudi nyumbani na faida. Hilo ndilo linaloifanya hatari hii iwe ngumu kuikemea: mara nyingi haitokei. Lakini mvuke wa petroli hauonekani, husafiri mbali na dimbwi lenyewe, na hauhitaji kiberiti. Cheche ya betri yatosha.

Ukifika kituoni baada ya siku mbili ukiwa na kikohozi au macho mekundu, taja kwamba ulipita pale, hata kama hukuguswa na kitu. Na pipa au dumu lililookotwa barabarani lisiwe la maji wala la pombe, hata likioshwa mara kumi.

Sisi pia ni wasafirishaji

Kuna jambo ambalo wahudumu wa afya husahau wanapozungumzia malori ya watu wengine. Makohozi ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, yanapofungwa na kupewa kijana wa pikipiki ayapeleke maabara ya mkoa, ni bidhaa hatari ya kundi la 6, na sampuli nyingi za namna hiyo zina namba yake, 3373. Hutakiwa kuwa katika vifungashio vitatu: kichupa kisichovuja, kisha kifungashio cha pili kisichovuja chenye kitu cha kunyonya majimaji kati yake na kichupa, kisha kisanduku kigumu cha nje kilichoandikwa namba na jina la mtu wa kupigiwa simu. Mtungi wa oksijeni unaolazwa bila kufungwa ndani ya gari la wagonjwa ni 1072.

Mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa fundo na kuwekwa chini ya kiti cha basi, wenye vichupa sita vya damu na karatasi iliyolowa, nimeupokea kwa mikono yangu zaidi ya mara moja. Kondakta aliyenikabidhi hakuwa na habari ya kilichomo. Alisema ameambiwa ni dawa, na mtoto wa abiria mmoja alikuwa ameulalia tangu safari ilipoanza.